Nyumba ya Urithi Iliyowekwa Rahani ya Kinyume

 

Ndugu msomaji, mtu akifa, jambo la kwanza wanalouliza watu wengi ni: ameacha nini? Ilhali suali lipasalo kutangulia ni: alikuwa akidaiwa nini? Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nisaa, Aya ya 11 na ya 12, amezitaja sehemu za warithi, na ndani ya Aya hizo mbili amelitaja deni pamoja na wasia mara nne, akibainisha kuwa mafungu hutolewa baada ya hayo. Jambo likikaririwa mara nne katika Aya mbili, si jambo la kupuuzwa. Basi darsa yetu hii ni juu ya deni la namna moja, ambalo wazee wetu hawakulijua kwa sura yake, lakini leo limeingia katika majumba ya jamaa zetu walio ng'ambo.

Haifichiki kwamba watu wengi wa pwani yetu wana baba, mama, shangazi au ndugu walioko Uingereza, Marekani na Kanada. Wako waliotoka Unguja baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, na wako waliotoka Mombasa na Lamu katika miaka iliyofuata kwa ajili ya kazi na masomo. Wengi wao walinunua nyumba huko, na leo ni wazee. Na wengine wamekwisha kututangulia mbele ya haki. Warithi wao wametawanyika, huyu yuko huko na huyu yuko huku. Hapo ndipo inapokuja simu kusema: nyumba ya mama haiwezi kugawanywa, ina deni kubwa. Na yule aliye Mombasa, asiyejua deni hilo lilitoka wapi, husema moyoni mwake: ndugu yangu ameila nyumba. Undugu ukavunjika kwa jambo ambalo lau lingalielezwa mapema lisingalileta fitina.

NI KITU GANI RAHANI YA KINYUME

Rahani ya kawaida wote twaijua. Mtu hukopa fedha, akaweka nyumba yake mikononi mwa mdai iwe dhamana, akalipa kidogo kidogo kila mwezi mpaka deni likesha. Kila mwezi unaopita deni lapungua.

Rahani ya kinyume yaenda njia nyingine. Mzee ana nyumba yake, lakini hana fedha za matumizi. Huiendea benki, nayo humpa fedha: ama kwa jumla moja, ama kiasi kila mwezi, ama humwekea fungu awe akichota kila anapohitaji. Nyumba hubaki kwa jina lake na hukaa humo. Halipi kitu kila mwezi. Badala yake riba huongezwa juu ya deni, na mwezi wa pili hutozwa riba juu ya deni pamoja na riba ile ya kwanza, na hivyo hivyo mpaka afe, au auze nyumba, au aihame. Kila mwezi unaopita deni lazidi, na sehemu ya nyumba iliyo yake kweli yapungua.

Huko Marekani, sheria iliyoanzisha mikopo hii chini ya bima ya serikali ilipitishwa na bunge mwaka 1987, na mkopo wa kwanza wa namna hiyo ulitolewa mwaka 1989. Mkopaji sharti awe ametimiza miaka 62, nyumba iwe ndiyo makao yake, na kabla ya kukopa akae na mshauri aliyekubaliwa na serikali amweleze jambo lote. Hutozwa bima ya 2 kwa mia ya thamani ya nyumba, kwa kadiri ya kiwango kilichowekwa na serikali, na kisha nusu kwa mia ya deni kila mwaka. Juu ya hayo yampasa kulipa kodi ya nyumba, kulipa bima ya moto, na kuitengeneza nyumba isiharibike. Akiyaacha hayo, aweza kutakiwa alipe deni lote angali hai.

Uingereza nako iko mikopo mfano wa hiyo, na kwa kawaida huanza mtu anapofika miaka 55. Na iko namna nyingine huko, nayo ni kuuza nyumba yote au sehemu yake kwa bei iliyo chini ya bei ya soko, kwa sharti kwamba muuzaji atakaa humo mpaka kufa kwake. Namna hiyo ya pili si deni, bali ni mauzo. Na sehemu iliyouzwa haimo tena katika mali ya marehemu, wala mrithi hana la kudai ndani yake.

HESABU YA DENI LINALOKUA

Mwenye kutaka kulijua jambo hili na alitazame kwa hesabu. Mtu amekopa dola 100,000 kwa riba ya 6 kwa mia kila mwaka, wala halipi kitu. Baada ya miaka 5 deni litakuwa dola 133,800 na kitu. Baada ya miaka 10 litakuwa 179,000. Baada ya miaka 15 litakuwa 239,600. Na baada ya miaka 20 litakuwa 320,700, yaani limezidi mara tatu, wala hakuongeza kukopa hata senti moja. Na katika hesabu hii hatukutia bima wala gharama nyingine.

Wala wazee wetu hawakuwa wageni kabisa wa jambo lililo karibu na hili. Unguja na Mombasa katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 watu walikuwa wakifanya bei ya khiyari. Mtu huuza nyumba au shamba lake kwa mwenye fedha, kwa sharti kwamba akizirejesha fedha zile katika muda fulani atarejeshewa mali yake. Na huku aendelea kukaa humo akilipa kodi. Kwa jina ilikuwa ni bei, na kwa hakika kodi ile ilikuwa ni faida ya fedha zilizokopwa. Mashamba na majumba mengi yalitoka mikononi mwa wenyewe kwa njia hiyo, na watoto hawakujua ila siku baba alipokufa. Jina hubadilika, na mwenendo ni ule ule.

Basi hukumu ya riba haihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa kurasa hizi. Mwenye kutaka na azisome Aya za mwisho wa Sura ya Al-Baqara, kuanzia Aya ya 275. Lakini darsa yetu leo si kumhukumu marehemu. Yeye amekwisha fika kwa Mola wake, naye ndiye amjuaye zaidi kwa dhiki yake. Darsa yetu ni ya aliyebaki: afanyeje mrithi aliyeikuta nyumba katika hali hiyo?

HUKUMU YA DENI KATIKA MIRATHI

Jua ya kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa pwani, haki iliyofungamana na mali yenyewe, kama vile rahani, hutangulizwa hata juu ya gharama za maziko. Kisha hutolewa gharama za maziko, kisha madeni mengine, kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha ndipo warithi hugawana kilichobaki. Kwa hivyo anayesema "nimerithi nyumba" hali nyumba imo katika rahani, hakusema sawa. Alichorithi ni kile kitakachobaki katika thamani ya nyumba baada ya mdai kutolewa haki yake.

Na uzito wa deni waonekana katika mwenendo wa Mtume wetu (S.A.W.). Alipoletewa maiti aliyekuwa akidaiwa asiache cha kulipia, alijizuia kumsalia mpaka Abu Qatada alipojitwika deni lile. Na yeye mwenyewe (S.A.W.) alifariki hali deraya yake imewekwa rahani kwa shayiri aliyowanunulia watu wa nyumba yake. Katika habari ya kwanza twajifunza kuwa deni halifi na mwenyewe. Na katika ya pili twajifunza kuwa kuweka rahani peke yake si aibu. Aibu ni kulificha deni na kuwaacha warithi gizani.

Na wanazuoni wamesema kuwa mrithi aweza kuizuia mali isiuzwe, akalipa deni kwa fedha zake mwenyewe. Hili litatufaa katika yafuatayo.

MRITHI ATAKUWA NA NJIA GANI

Huko Marekani, akifa mkopaji wa mwisho, deni lote huwa limefika wakati wake. Mdai huwaandikia warithi, nao hupewa siku 30 za kusema watakalofanya, na kwa kawaida miezi 6 ya kulimaliza jambo. Wakionyesha kuwa wamo katika kuuza nyumba au kutafuta fedha, waweza kuomba waongezwe miezi 3, kisha miezi 3 mingine, na ikitimia mwaka hapana tena. Uingereza muda uliozoeleka ni miezi 12. Na katika muda wote huo riba haisimami.

Njia zilizo mbele ya warithi ni tatu.

Ya kwanza ni kuiuza nyumba, kumlipa mdai, na kugawana kilichobaki. Tuseme mama amekufa hali ni mjane, wala wazazi wake hawako hai, na ameacha mtoto mwanamume mmoja na wanawake wawili. Nyumba imeuzwa dola 400,000. Deni ni 240,000, na gharama za mauzo, maziko na mengineyo ni 20,000. Kilichobaki ni 140,000. Mwanamume atapata 70,000, na kila mwanamke 35,000.

Ya pili ni mmoja wao kuikomboa nyumba. Tuseme katika mfano ule ule kuwa gharama zile hazimo, na binti mmoja ataka nyumba ibaki. Thamani ni 400,000, na deni ni 240,000. Haki ya warithi wote ni 160,000. Fungu la kaka ni 80,000, na la kila dada ni 40,000. Basi binti huyu atamlipa mdai 240,000, atamlipa kakake 80,000 na dadake 40,000, nayo nyumba itakuwa yake. Jumla atatoa 360,000, na 40,000 zilizobaki ni fungu lake mwenyewe. Hapa wengi hukosea: hulipa deni la benki, wakadhani kuwa nyumba imekwisha kuwa yao peke yao, na ndugu wakasahauliwa. Kulipa deni hakufuti mafungu ya wengine.

Ya tatu ni kumwachia mdai nyumba. Hii ni pale deni lilipoizidi thamani. Mikopo ile iliyo chini ya bima ya serikali ya Marekani ina sharti kwamba mdai hana haki ila katika nyumba yenyewe; hawezi kuwadai warithi katika mishahara yao wala katika mali nyingine ya marehemu. Uingereza nako ahadi ya namna hiyo imo katika mikopo inayofuata kanuni za baraza la wenye biashara hiyo. Na hata hapo mrithi wa Marekani anayeipenda nyumba hajafungiwa mlango. Tuseme nyumba yathaminiwa 300,000, na deni ni 340,000. Sheria yamruhusu kuichukua kwa 95 kwa mia ya thamani, yaani 285,000, na kilichozidi hubebwa na ile bima. Watu wengi wameziacha nyumba za wazazi wao kwa kutojua jambo hili moja.

MASUALI YANAYOULIZWA

Suali: Dada yetu alikaa na mama miaka kumi akimuuguza ndani ya nyumba hiyo. Mama amekufa. Je, ana haki ya kubaki humo?

Jawabu: Kwa sheria ya mkopo hana, ikiwa jina lake halimo katika mkataba. Mtoto aliyeuguza, mjukuu na mpangaji wote watatakiwa watoke, isipokuwa deni likilipwa. Huyu ndiye mwenye kudhurika zaidi, kwani aliacha kazi yake kwa ajili ya mzazi, na leo hana kazi wala makao. Katika mafungu ya mirathi hazidishiwi kwa kuuguza kwake, lakini ndugu wakiwa na murua watamsikiliza kwanza, na watamsamehe katika mafungu yao kwa hiari yao. Na lililo bora zaidi ni mama kumwandikia ujira wake au kumpa hiba angali hai, hali ana akili zake timamu.

Suali: Baba ndiye aliyekopa, na mama yuko hai. Je, atafukuzwa?

Jawabu: Ikiwa wote wawili waliandikwa kuwa wakopaji, deni halidaiwi mpaka afe wa pili. Ikiwa baba aliandikwa peke yake, hapo ndipo penye hatari. Katika mikopo ya Marekani iliyoandikwa tangu tarehe 4 Agosti 2014, mke aliyetajwa katika mkataba kuwa ni mke aweza kubaki maisha yake, kwa kutimiza masharti yaliyowekwa, lakini hatapewa fedha tena. Basi mtu asikubali kamwe jina la mkewe liachwe nje ya karatasi.

Suali: Mama alikuwa na fungu la kuchota, na hakulimaliza. Je, sisi twalirithi?

Jawabu: Hapana. Fungu lisilochotwa si mali yake, bali ni ahadi ya mkopo, nayo hufungwa kwa kufa kwake. Ama fedha alizokwisha kuchota zikawa katika akiba yake, hizo ni mali ya marehemu na huingia katika hesabu.

Suali: Je, mahakama za huko zitagawanya kwa faraidhi?

Jawabu: Sisi wa Kenya tuna Mahakama ya Kadhi kwa mambo ya mirathi ya Waislamu, na wengi hudhani kuwa kila mahali ni hivyo. Huko sivyo. Mtu akifa bila wasia ulioandikwa kwa sheria ya huko, mali yake hugawanywa kwa kanuni ya nchi hiyo. Kwa hivyo Mwislamu aliye huko yampasa aandike wasia unaokubaliwa na mahakama, na ndani yake aamrishe madeni yalipwe kwanza na kilichobaki kigawanywe kwa sharia.

NASAHA KWA WALIO HAI

Ewe ndugu, dawa ya jambo hili haiko makaburini, iko sasa.

Kwanza, muulize mzazi wako kwa adabu: je, nyumba ina deni? Kwa nani? Karatasi ziko wapi? Haya si kumwombea kufa wala kuinyemelea mali yake. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuyaandika madeni katika Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, nayo ndiyo Aya ndefu kuliko zote katika Kurani.

Pili, waelezwe warithi wote, walio huko na walio huku, kwa maneno mamoja na karatasi mamoja. Aliye karibu na mzazi asiwe ndiye peke yake mwenye siri, kwani siri hiyo ndiyo itakayomvika tuhuma kesho. Na akifa mzazi, mdai aarifiwe mara moja, mthamini aitwe, kodi na bima ya nyumba ziendelee kulipwa. Mwezi mmoja wa kulaumiana ni mwezi mmoja wa riba.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Wazee wengi huiendea benki kwa sababu waona haya kuwaomba watoto wao. Tuseme mama amepungukiwa na dola 600 kila mwezi. Akizichukua kwa mkopo huu kwa riba ya 6 kwa mia, baada ya miaka 15 atakuwa amepokea 108,000, na deni litakuwa kiasi cha 174,000. Hizo 66,000 zilizozidi ni riba. Ama lau watoto watatu wangalitoa dola 200 kila mmoja kwa mwezi, mama angalikula kwa utulivu, na nyumba ingalibaki salama. Na mwenye nafasi zaidi aweza kuinunua sehemu ya nyumba kwa mama yake kwa bei ya haki, kwa maandishi na mashahidi, mama akakaa humo na fedha akazitumia. Au iuzwe nyumba kubwa inunuliwe ndogo. Yote haya ni mauzo ya halali, wala hayamwongezei mzee deni usiku na mchana.

Basi mwenye kuilalamikia nyumba iliyoliwa na deni, kabla hajamlaumu marehemu wala ndugu yake, na ajiulize: siku mama alipokuwa akitia sahihi, mimi nilikuwa wapi, na nilikuwa nikimpelekea nini?

Twamwomba Mwenyezi Mungu awasamehe wazazi wetu, atuepushe na riba na uzito wa madeni, na azitie mapenzi nyoyo za ndugu kabla na baada ya mirathi. Amin. Wallahu aalam.